Kobe wako anakula lakini bado mwepesi? Tuanzie hapa

Wateja wengi wakitupigia simu huanza hivi: "Huyu kobe wangu anakula vizuri tu, ila siku hizi naona mwepesi." Neno hilo la mwisho ndilo tunalolishika. Mbwa akikonda utahesabu mbavu zake ukiwa mbali. Mbavu za kobe zimeungana na gamba, na gamba halisinyai. Anaweza kukonda kwa miezi na umbo likabaki lile lile, hivyo mkono unaomnyanyua hugundua kabla ya jicho.

Mmoja aliletwa kwetu akawekwa mezani, akainamisha kichwa na kutulia. Wahenga walisema kobe akiinama anatunga sheria. Huyu hakuwa akitunga chochote, shingo ilikuwa imemshinda. Macho yalikuwa yamezama. Tulipogusa nafasi iliyo kati ya paja na gamba, pale panapotakiwa kujaa nyama, kidole kiliingia kama mfukoni, na ngozi ilining'inia kama shati la kuazima. Chakula chake kilikuwa letusi na matango, kila siku, na alikuwa akilala kwenye sakafu ya baridi. Letusi hujaza tumbo maji, basi.

Kabla ya chakula, sisi huuliza joto. Mwili wa kobe haujitengenezei joto lake wenyewe, hivyo akiwa baridi tumbo halisagi. Unaweza kumwekea majani bora kuliko yote na yakakaa tumboni bila faida. Spishi nyingi zinazofugwa zinahitaji sehemu ya kuotea yenye nyuzi joto 30 hadi 35 za Selsiasi, pamoja na kivuli cha kukimbilia akichoka nalo. Anahitaji pia mionzi ya UVB, ya jua lenyewe au ya taa maalumu, ili mwili utengeneze vitamini D na kutumia kalisi. Jua linalopita kwenye kioo cha dirisha halisaidii hapo, kwa sababu kioo huzuia mionzi hiyo.

Halafu maji. Kobe aliyekonda mara nyingi amekauka pia. Mwogeshe kila siku kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, kina kisizidi kidevu, dakika 15 hadi 20, na usimwache peke yake. Wengi hunywa humo humo, kisha hutoa mkojo wenye ute mweupe. Ute huo ukiwa mgumu kama chembe za mchanga, ujue maji yamempungua.

Sasa chakula, na hapa ndipo huruma inapoharibu kazi. Mtu akiona kobe amekonda anataka kumnenepesha haraka: mkate, ndizi mbivu, chakula cha mbwa. Kobe aina ya sulcata, kobe chui na kobe wa Mediterania ni wala majani. Sukari ya matunda huchachuka tumboni na kuleta kuhara, na kuhara kunaondoka na uzito uleule uliokuwa ukiutafuta. Protini nyingi inaelemea figo. (Kobe wa miguu myekundu wa misitu ya Amerika Kusini ni habari nyingine, yeye matunda ni sehemu ya mlo wake.) Wape nyasi, nyasi kavu, magugu ya majani mapana yasiyopigwa dawa, majani ya mforosadi, majani na maua ya haibiskasi, na mpungate uliotolewa miiba. Nyunyizia unga wa kalisi kidogo. Spinachi isiwe chakula cha kila siku, kwa kuwa inazuia kalisi isitumike. Anayehitaji kusukumwa kidogo tunamlowekea tembe za chakula cha kobe zenye nyuzinyuzi nyingi, tunachanganya na majani yaliyokatwa ili asichague.

Aliyekaa wiki nyingi bila kula kabisa usimjazie sahani siku ya kwanza. Chakula kingi cha ghafla huvuruga chumvichumvi za damu, na mnyama anaweza kufa wakati wewe unadhani anapona. Huyo aonwe na daktari wa wanyama kwanza.

Vilevile asiyeongezeka licha ya joto, maji na majani apimwe kinyesi. Minyoo ni sababu ya kawaida sana, lakini tafadhali msimpe ivermectin, dawa ya minyoo mnayoijua kwa mbwa na ng'ombe. Kwa kobe ni sumu, inaua.

Uzito pima mara moja kwa wiki, kabla hajaoga wala kula, kwa mizani ya jikoni inayosoma gramu. Pindua bakuli juu ya mizani, rudisha mizani kwenye sifuri, kisha mweke kobe juu yake miguu ikining'inia, hatakukimbia. Usihukumu kwa namba moja, maana kibofu kilichojaa kinadanganya. Tunachotaka ni mstari unaopanda taratibu kwa wiki kadhaa. Uzito ukipanda ghafla, fikiria mayai, jiwe la kibofu au choo kilichokwama.

Ukija kwetu, mlete kwenye boksi lenye matundu, lisilompa nafasi ya kubiringika. Tutampima uzito na urefu wa gamba, tutatazama mdomo na pua, kisha tutakuandikia mlo wa mwezi mzima. Njoo na orodha ya alichokula wiki iliyopita, hata vile unavyoona aibu kuvitaja, na kinyesi cha asubuhi hiyo kwenye kopo lenye mfuniko.