Kabla hujachagua kati ya zile pikipiki tatu

Swahiba,

Salamu nyingi. Barua yako nimeipata, nikacheka ulivyopigia mstari hospawa (nguvu za injini) peke yake: Transalp XL750 ya Honda 90, V-Strom 800DE ya Suzuki 83, Ténéré 700 ya Yamaha 72. Kwa hesabu hiyo Yamaha inashika mkia. Lakini si umesema unataka mchanga na makorongo? Huko hospawa hazitakusaidia kitu.

Tazama uzito kwanza. Tangi likijaa, kwa matoleo ya kabla ya 2025, Yamaha ina kilo 204 hivi, Honda 208, Suzuki 230. Kwenye lami hutahisi tofauti. Utaihisi siku pikipiki imelala kwenye tope, uko peke yako, buti zinateleza na usukani umegeukia upande usioutaka.

Halafu tumbo la chini: Yamaha imeinuka milimita 240 kutoka ardhini, Suzuki 220, Honda 210. Kwa shokapu, Suzuki ndiyo tajiri, zinacheza milimita 220 mbele na nyuma na unazirekebisha utakavyo. Za Honda za mwanzo unakaza springi tu, basi. Ukibeba mizigo mizito utalijua hilo mapema.

Sasa kiti, maana wewe si mrefu (usininunie). Cha Yamaha kiko milimita 875, cha Suzuki 855, cha Honda 850. Kwa miguu yako, hizo 25 za juu ndizo zitakazoamua kama unakanyaga kwa unyayo au kwa ncha za vidole, na ukisimama kwenye mteremko wenye kokoto, ncha za vidole hazitoshi.

Tangi la Suzuki ni lita 20. Hayo mengine mawili hayafiki 17. Na zote tatu zina rimu za spoki zenye tyubu, kwa hiyo jifunze kuziba pancha mwenyewe kabla hujasafiri.

Mimi ningechukua Ténéré ya kabla ya 2025, ambayo mafuta bado yanavutwa kwa kebo, si kwa umeme. Haina kompyuta ya kuzuia gurudumu la nyuma lisiteleze, ila ABS (mfumo wa kuzuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga breki) unaizima yote, mbele na nyuma. Lakini kama safari zako nyingi ni za lami na vumbi jepesi, chukua Honda bila kusitasita.

Pima mguu wako kwa ndani, kutoka msambani hadi kisigino ukiwa umevaa buti, uniandikie ni sentimita ngapi. Bila hiyo namba siwezi kukuambia zaidi.

Wako,
Swahiba yako