Wanafunzi wa unesi washike spekulamu kabla wamalize shule

Mhariri,

Mimi ni nesi mkunga kwa kliniki moja ya Eastlands hapa Nairobi na tunaletewa wanafunzi wa atachimenti kila mwaka. Juzi nilimwuliza mmoja, wa mwaka wa mwisho, anieleze vile tunapima kansa ya mlango wa kizazi na siki, akanipa yote bila kukwama, asidi ya asetiki asilimia 3 hadi 5, unapaka, unangoja dakika moja nzima, unaangalia kama kuna weupe umetokea pale seli hubadilika. Nikampa spekulamu, kile chombo cha kufungua uke ndiyo uone mlango wa kizazi. Mikono ikaanza kutetemeka, akaniambia sista, hii sijawahi kushika, darasani tuliona tu picha.

Simlaumu. Wanakuja sita kwa mama mmoja, mama akiona hao watu wote wamesimama miguuni pake anavaa nguo anasema atarudi siku ingine, na harudi. Ama anapimwa na mtu hajui, spekulamu baridi hata haijapitishwa kwa maji ya vuguvugu, akifika nyumbani anaambia ploti nzima kupimwa ni kuteswa, na hao wengine pia umewapoteza.

Inaniuma sana juu hii kansa haiji usiku mmoja, inachukua miaka mingi, unaweza kuipata mapema ukaimaliza. Chanjo ya HPV, virusi vinavyoleta hii kansa, ilianza kupeanwa nchini 2019 kwa wasichana wa miaka 10, lakini mama wa miaka 38 hiyo haikumfikia, yeye kinga yake ni kupimwa. Na watu wakisema siku hizi kuna kipimo cha HPV mama anajitolea sampuli mwenyewe, ni kweli na ni kizuri, lakini akipatikana nayo bado lazima mtu amwangalie na macho aamue kama atatibiwa hapo hapo ama apelekwe hospitali kubwa. Huyo mtu mara nyingi ni nesi.

Shule zinunue ile midoli ya mafunzo na zisiifungie stoo, mwanafunzi afungue na kufunga spekulamu mpaka mkono uzoee. Halafu aje kwetu mmoja mmoja, mama aombwe ruhusa kwanza kwa heshima akiwa bado amevaa nguo zake, na sisi tuache kusaini logibuku, kile kitabu cha kuonyesha kazi mwanafunzi amefanya, ya mtu alikuwa amesimama tu kwa ukuta. Mimi pia nimewahi kusaini hivyo, foleni ikiwa ndefu, na nimeacha.

Huyo mwanafunzi amebakisha wiki tatu. Nimempanga Jumanne na Alhamisi asubuhi, na kuna mama mmoja tayari amekubali.

Nesi mkunga,
Eastlands, Nairobi