Tupimeni kwanza, ndipo mtuite wakaidi

Ndugu Mhariri,

Nimestaafu ualimu miaka mingi na sijakuandikia hata mara moja. Ile makala yenu ya wagonjwa wa moyo ndiyo iliyonitia kalamu mkononi.

Mwandishi wenu katuletea tafiti za EUROASPIRE za nchi nane za Ulaya, za kuanzia 1995 hadi 2007. Wagonjwa wenye lehemu nyingi, yale mafuta ya kwenye damu, walishuka kutoka asilimia 94.5 hadi 46.2, wanene wakapanda kutoka 25 hadi 38, sigara ikabaki pale pale, karibu mtu mmoja katika watano. Akamalizia kwamba sisi wagonjwa ni wakaidi. Na presha je, mbona kaipita mbio? Ina vidonge chungu nzima na haikushuka: wenye presha ya juu walikuwa asilimia 58, kisha 61. Presha haitaki kidonge tu. Inataka mtu akupime, aone dawa haitoshi, akuongezee.

Sasa sikiliza. Mwezi uliopita nilitoka na alfajiri kwenda kliniki, hapa hapa Pemba, nikakaa kwenye benchi hadi saa nne. Mkanda wa mashine unavuja, unalia fyuu kama tairi la baskeli. Kijana wa zamu akaufunga, akaufungua, akatazama kadi yangu, akaandika 130/80, ile ile ya mwezi wa nyuma! Nikamwambia, "Mwanangu, hukunipima." Akanijibu, "Babu, mbona mzima wewe?" Nikapita duka la dawa njiani, nikalipa kupimwa: 178/102. Mimi niliyekwisha kuanguka na moyo mara moja! Kesho wakija watu wa takwimu, kadi yangu itawaambia presha yangu imetulia.

Tena naambiwa nitembee nusu saa kila siku. Nitembee wapi? Ukingo wa barabara yetu kuna mchanga na matofali ya mtu anayejenga tangu mwaka juzi, na ukishuka kidogo tu pikipiki inakupitia kwenye kanzu. Hitmani nako, ukiusukuma mbali ubwabwa, unaambiwa unajidai.

Ushauri wangu: nunueni mikanda mipya, na mashine moja ifungwe mnyororo kwenye baraza tunapochezea bao. Atupime aliyefungwa mchezoni siku hiyo. Pale barazani, mtu akiibia hata kete moja, wanne wanamshika mkono.

Mwalimu mstaafu,
Wete, Pemba