Mwanangu, presha umepima?

Mwanaidi mwanangu,

Marahaba. Picha za mtoto nimeziona, kanenepa mashallah. Ila umejibu yote isipokuwa lile nililokuuliza, presha umepima?

Mama Saidi tumemzika Jumapili, na hamsini alikuwa hajafika. Siku kadhaa analalamika kiungulia, mgongo huku juu, kuchoka mpaka kufua hawezi, akapewa dawa za vidonda vya tumbo na mtaa mzima tukasema vidonda, kumbe ni moyo. Watu wanangoja mgonjwa ashike kifua aanguke. Kifua kinauma hata kwa wanawake, ndo dalili kubwa, lakini sisi mara nyingi kinakuja na mengine au mengine yanatangulia, pumzi inakata, taya na shingo zinauma, kichefuchefu, jasho la baridi, ndo maana tunacheleweshwa.

Na wewe ulipata kifafa cha mimba. Usiniambie kiliisha ulipojifungua. Nesi wa kliniki kanieleza vizuri, aliyepitia hiyo, hatari yake ya ugonjwa wa moyo huko mbele ni kama mara mbili ya mwenzie, na presha inaweza kurudi kimya kimya bila kichwa kuuma wala nini. Halafu miezi hii ya mwanzo baada ya kujifungua moyo wenyewe unaweza kutanuka ukachoka, miguu ikivimba, ukilala chali pumzi haitoshi mpaka uongeze mito, usiseme ni kunyonyesha usiku, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Kupima tu hata zahanati wanapima. Ikifika 140 kwa 90 muone daktari, akikuandikia Taasisi ya Moyo pale Muhimbili uende, usisingizie foleni.

Cheo ulichopata kazini nimewatangazia wote mpaka msikitini, Mungu akuzidishie, lakini mtu mwenye akili zako anakosaje dakika tano za kupima? Bibi yako alipooza kwa presha, mimi nameza vidonge kila asubuhi, hii iko kwenye damu yetu. Mume wako sigara akavutie nje, mbali na nyie. Na hiyo michuzi ya paketi punguza, chumvi tupu.

Hela ya bati imefika, fundi kaanza upande wa jikoni. Kesho nampa dereva wa basi machungwa ya Muheza na mihogo, uende stendi mapema yasioze. Ukipima nitumie namba zote mbili, ya juu na ya chini, usiniandikie "iko sawa mama".

Mama yako