Jabali Hupandwa na Jogoo

Tororo, Uganda
9 Februari 2025

Ndugu yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itawakuta wewe, shemeji na watoto mkiwa wazima. Sisi huku hatujambo, ila vumbi la kiangazi mwaka huu limetuandama hadi ndani ya sufuria. Barua yako niliipokea wiki mbili zilizopita kwa mkono wa dereva wa lori aliyekuwa akisubiri zamu yake katika foleni ya Malaba, mpakani. Nimechelewa kuijibu kwa sababu nilikuwa na hasira kidogo, na mwalimu mwenye hasira hafai kushika kalamu.

Uliniambia kwamba umeanza kupanda miamba kwa kamba kule Lukenya, karibu na Nairobi unakoishi, jambo ambalo lilinifurahisha sana, na kwamba umekwenda Hell's Gate ukasimama chini ya Fischer's Tower hadi shingo ikakuuma. Kisha ukaongeza, kana kwamba unanipa pole ya msiba, kuwa ni masikitiko kwamba sisi tuliobaki Uganda hatuna pa kupanda isipokuwa milima ya Ruwenzori. Hilo ndilo lililonikera. Kama lingesemwa na mzaliwa wa Nairobi nisingelijali. Lakini limesemwa na mtoto wa Tororo, aliyekulia chini ya jabali lenyewe, na ambaye kila asubuhi alitazama kivuli chake kujua kama amekwisha kuchelewa shule.

Nianze kwa kukubali yasiyokataliwa. Batian, kilele cha Mlima Kenya, ina mita 5,199 na Margherita yetu, kilele cha Ruwenzori, ina mita 5,109, kwa hiyo mmetushinda kwa mita tisini, nami si mtu wa kubishana na futi kamba. Isitoshe, nikisema ukweli, hiyo Margherita si ya nyumbani kwangu. Ili nifike Kasese ni lazima niikate nchi kutoka mashariki hadi magharibi, safari ndefu kuliko ya kuja kwako Nairobi; na nikishafika nahitaji likizo ya wiki nzima, ada ya hifadhi, wapagazi, na mavazi ya barafu ambayo mwalimu hayanunui ila kwa kuuza ng'ombe. Mlima wa namna hiyo mtu huupanda mara moja maishani, akapiga picha, akaitundika ukutani sebuleni. Ninayokuandikia mimi ni habari ya mwamba ambao mtu anaupanda Jumamosi alfajiri, akarudi nyumbani kabla chai ya saa nne haijapoa, na Jumamosi inayofuata akaupanda tena. (Elgon nao, ambao tunaugawana nanyi, kilele chake kirefu kuliko vyote ni Wagagai, mita 4,321, na kiko upande wetu wa mpaka. Hilo nalisema kwa sauti ndogo tu.)

Jabali la Tororo lina mita 1,483 kutoka usawa wa bahari, na mji umekaa karibu mita 300 chini ya ncha yake. Wataalamu wa mawe husema kuwa hilo ni koo la volkano ya kale: mawe yaliyoyeyuka yaligandia ndani ya koo hilo, kisha mvua ikaula mlima wenyewe kidogo kidogo kwa mamilioni ya miaka, likabaki koo peke yake. Ndiyo maana halina mabega wala miguu kama milima mingine. Limesimama tu katikati ya tambarare kama jino moja katika ufizi wa bibi kizee. Wewe na mimi tulilitazama miaka yote ile bila kuliuliza swali hata moja. Tuliambiwa juu kuna nyoka, tukaamini, na ilipojengwa minara ya mawasiliano huko kileleni hatukujiuliza mafundi walipitaje penye nyoka hao.

Mimi mwenyewe nilipanda kwa mara ya kwanza nikiwa na miaka thelathini na minne, tena kwa kuaibishwa. Nilikuwa nimewapa wanafunzi wa kidato cha pili insha ya wasifu juu ya jabali hilo, na nilipokuwa nikiwaeleza namna ya kuchagua vivumishi, binti mmoja wa dawati la nyuma aliinua mkono akaniuliza kwa adabu zote, "Mwalimu, wewe uliona nini ulipofika juu?" Darasa zima likanyamaza kunisubiri. Nikajibu kwamba swali hilo litajibiwa wiki ijayo.

Njia huanza kwa upole, kati ya vichaka na mashamba madogo, na kwa dakika za mwanzo mtu hujiona hodari. Kisha jabali hujisimamisha, na hapo ndipo zilipofungwa ngazi za chuma, moja baada ya nyingine, kwenye sehemu ambazo mguu wa kawaida haupati pa kukanyaga. Najua utakavyosema, kwamba ngazi si upandaji. Huenda ni kweli. Lakini jaribu kusimama katikati ya mojawapo ya ngazi hizo, upepo ukikusukuma shati mgongoni, na paa la nyumba uliyozaliwa likiwa kati ya viatu vyako, dogo kama kifuniko cha kibiriti, kisha uniambie kama moyo wako umejua tofauti. Safari nzima ya kupanda huchukua kama saa moja. Siku ya anga safi unauona Elgon kaskazini-mashariki, na kusini mng'ao wa Ziwa Viktoria; mimi siku ile ya kwanza niliona ukungu, reli, na mwanangu akikimbiza kuku uani, au angalau mtoto niliyeapa kuwa ni wangu.

Sasa nikusimulie kosa langu, maana sitaki udhani kuwa jabali letu ni la kuchezea. Unakumbuka jinsi radi zilivyokuwa zikitukatisha mpira. Hazikuwa ndoto za utotoni: kati ya 1967 na 1976 Tororo ilihesabiwa kuwa na wastani wa siku 251 za ngurumo kwa mwaka, yaani zaidi ya siku mbili katika kila tatu, na ni sehemu chache sana duniani zilizowahi kuandikiwa hesabu kama hiyo. Nami, mwenyeji, ninayeyajua hayo yote, mwezi wa Aprili mwaka juzi nilianza kupanda saa saba mchana, tumbo likiwa limejaa, kwa sababu tu anga lilikuwa la buluu nilipotoka mlangoni. Nilipofika katikati ya ngazi ya pili, mikono yote miwili ikiwa juu ya chuma, nilisikia mlio mwembamba, kama nyuki aliyefungiwa ndani ya chupa. Nilidhani ni masikio yangu. Kisha nywele za mikono zikasimama, nikatambua kuwa kinacholia ni ngazi yenyewe. Sikumbuki nilikanyaga vidato vingapi kushuka. Nakumbuka kwamba nilikuwa nimechutama katika bonde dogo lililo wazi, mbali na miti, viwiko magotini, soli ya kiatu kimoja ikiwa imebaki huko juu, wakati mwanga ulipopasuka na mawe ya barafu yakaanza kunipiga kisogoni.

Mvua ilipokatika, mzee mmoja anayechunga mbuzi chini ya jabali alinitazama kwa muda mrefu, kisha akasema, "Mwalimu, jabali hupandwa na jogoo, halipandwi na chakula cha mchana." Tangu siku hiyo sijawahi kuanza baada ya saa kumi na mbili asubuhi.

Kuhusu kamba, ambazo ndizo unazojivunia, sisi pia tunazo, ila si Tororo. Kutoka hapa hadi Mbale hazifiki kilomita 50, na kutoka Mbale unapanda mabega ya Elgon hadi Kapchorwa, penye maporomoko matatu ya Sipi. Lile kubwa linaanguka kiasi cha mita 100, na vijana wa Kisabiny huwashusha wageni kwa kamba pembeni mwake, wakiwa wamelowa kwa mvuke wa maji. Na karibu na hapo kuna miamba iliyokwisha kutobolewa na kufungwa vyuma vya kupitishia kamba. Nilikwenda huko Septemba iliyopita kwa fedha za kusahihisha mitihani. Viatu nilivyokodi vilikuwa vidogo kwa namba mbili nzima, na aliyenikodisha aliapa kwamba ndivyo vinavyotakiwa kubana. Kucha ya kidole gumba imeota upya mwezi huu tu.

Hata hivyo, ningerudi kesho. Kijana aliyenishikia kamba, ambaye umri wake ni wa wanafunzi wangu, aliikagua hanesi yangu, ile mikanda ya kiunoni na mapajani, mara mbili, akanifundisha fundo lenye umbo la namba nane, akanifanya nilifungue na kulifunga tena mbele yake, kisha akaniambia niende. Kwa mita tano za kwanza nilipanda kama tulivyokuwa tukipanda miembe, kwa kujivuta kwa mikono, na mikono ikaisha. Nikakwama mahali ambapo mguu wa kushoto ulikuwa juu ya ukingo mwembamba kama kitabu cha mahudhurio, nao ukaanza kutetemeka kama wa ndama aliyezaliwa jana. Kijana hakupiga kelele. Alisema tu kutoka chini, kwa Kiswahili kilichonyooka, "Mzee, usiivute mikono. Shusha kisigino, uamini mguu. Kulia kwako, usawa wa kiuno, kuna shimo, limejificha nyuma ya majani." Nikapeleka vidole mahali nisipopaona, na shimo lilikuwepo, kavu, lenye ukingo laini uliosuguliwa na vidole vya wengine, likanipokea hadi kifundo cha pili.

Hilo shimo ndilo lililonifanya nikuandikie barua ndefu kuliko ulivyotarajia. Kijana yule hakulisoma katika ramani. Alilijua kama mama yako alivyokuwa akiujua mtungi wa chumvi gizani, kwa sababu mwamba ule uko nyuma ya nyumba yao na amekuwa akiupapasa tangu utotoni, masika na kiangazi. Wageni wanaokuja kutoka mbali wakiwa na vifaa vya bei ya pikipiki hupanda vizuri kuliko yeye pengine, lakini hawajui ni ufa upi huvuja siku mbili baada ya mvua, wala ni saa ngapi jua hugeuka likakupiga machoni. Mimi sijafika hapo na Tororo. Ila najua sasa kuwa ngazi ya tatu inacheza upande wa kulia, na kwamba mwezi wa Novemba kuna nyigu chini ya ile ya kwanza, na elimu hiyo ndogo nimeipata kwa mwili wangu, haikutoka katika kitabu cha jiografia.

Kuna miamba mingine ya kwetu ambayo haipandwi kabisa, na ni vyema iwe hivyo. Ukitoka Mbale kuelekea Soroti, kabla ya kufika Kumi unaanza kuona matale makubwa ya Teso yamelala mashambani, yakikwaruza mkono kama ulimi wa ng'ombe, na pale Nyero kuna michoro ya kale ya rangi nyekundu na nyeupe, duara ndani ya duara. Hapo mtu hutazama na kufunga mikono nyuma, kwa kuwa jasho la vidole huharibu rangi iliyodumu vizazi na vizazi. Basoga nao wamelifanya jabali lao la Kagulu, kule Buyende, kuwa sherehe: watu hukusanyika na kulipanda kwa mashindano, wakubwa kwa wadogo. Hilo nawaonea wivu, nakiri. Sisi tangu miaka ya 1950 tumesaga mawe ya Tororo kuwa saruji, kuta nyingi za Kampala zina unga wa vilima vyetu, na bado abiria wa Kampala akipita hapa kwa basi huliona jabali, husema "tumefika Tororo," kisha husinzia tena.

Kwa hiyo nina ombi. Mkifunga kazi Desemba, njooni nyote, na kamba yako uibebe. Jumamosi ya kwanza tutapanda kwa ngazi zetu za jabalini, bila kamba na bila kiburi, ili ukasalimiane na jabali ulilolikana; wiki itakayofuata tutakwenda Sipi, nami nitakupeleka kwa yule kijana, na viatu tafadhali uje na vyako. Mwambie shemeji asiwe na wasiwasi, kwani saa nne utakuwa umekaa mezani kwetu na chapati mkononi, na jioni tutakunywa ajono, pombe yetu ya ulezi, kwa mirija chini ya mwembe kama watu wazima. Mzee wa mbuzi nimemwarifu kwamba kuna mtu anakuja kutoka Nairobi kuomba radhi, akauliza kama unajua kuamka.

Nimenunua jogoo mwekundu katika soko la Ijumaa. Mke wangu anadhani ni wa Krismasi, lakini huyo ni wa kutuamsha.

Ni mimi ndugu yako,
Mwalimu