Kaka, ile kadi ya 2012 iko kwangu

Kaka yangu,

Acha kumsumbua wifi, na wale vijana waliopanga viti waache pia. Memori kadi yenye picha za mdogo wetu niliichomoa mimi kwenye kompyuta yako usiku ule wa mkesha wa msiba wake, wakati watu wanapakuliwa chakula. Iko kwenye sanduku la Mama, chini ya vitenge vyake. Simu zangu hupokei na kundi la familia ulijitoa, ndiyo maana naandika hapa. Najua hapa huwa unapita, unasoma, unaondoka kimya.

Nimesikia Desemba unapanda nyumbani kuhesabiwa na ukoo, na kamera unakuja nayo. Shangazi anasema unataka kuanza upya na watoto wetu, na wa kwanza awe binti yangu kwa sababu anatimiza miaka saba.

Nakumbuka ulivyorudi kutoka Uingereza mwaka 1991. Ulituketisha kwenye magogo nje ya jiko la Mama, ukatusimulia habari za wale watoto kumi na wanne wa miaka saba waliorekodiwa mwaka 1964 kwenye filamu ya Seven Up!, wa matajiri na wa maskini, wakaulizwa wakikua watakuwa nani. Kisha kila baada ya miaka saba wanafuatwa tena. Mwaka huo walikuwa wametimiza 35 na wewe ulikuwa umewaona kwenye televisheni kwa macho yako. Tuliwajua kwa majina kama watoto wa jirani: Tony aliyetaka kuendesha farasi wa mashindano akaishia kuendesha teksi London, Nick wa shambani aliyekwenda Marekani kuwa mwanasayansi. Na Neil. Mdogo wetu alimpenda Neil kwa sababu Neil alitaka kwenda angani, na yeye siku ile, akiwa na miaka saba, alikuambia mbele ya kamera yako kwamba atarusha ndege za KIA, ule uwanja wa Kilimanjaro.

Ulikuwa mwalimu mzuri, kaka. Ulitupa hamu ya dunia ambayo hakuna mwingine kule nyumbani angetupa. Hilo sitalikana.

Ukaja kumrekodi tena 1998, ukaja 2005. Hapo sina neno.

Mwaka 2012 umeme ulikuwa umekatika na mimi ndiye nilishika taa. Mdogo wetu alikuwa amevaa koti lako kuukuu, ametoka stendi kupiga debe, pombe inanuka mpaka nilipokuwa nimesimama. Ukamuuliza: "Ulisema utakuwa rubani. Imekuwaje?" Akakuangalia muda mrefu. Akasema, "Zima, kaka." Hukuzima. Akarudia taratibu, kama anayeomba maji, "Zima, kaka." Ukanyoosha mkono kuniashiria nisogeze taa karibu.

Nikaisogeza. Ningefanya nini? Wewe ni kaka mkubwa, ndiye uliyenilipia ada. Na nilidhani utakuja kuikata sehemu ile.

Alipotutoka Machi 2018, alikuwa amebakiza mwaka mmoja afike 35. Ukafunga shuka jeupe kati ya migomba miwili, ukasema waombolezaji wamwone alivyokuwa. Alipokuwa na saba watu walitabasamu. Kumi na nne, ishirini na moja, sawa. Kisha sauti yake ikatoka kwenye spika, "Zima, kaka," na wale vijana wa nyuma, ambao hawakujua, wakacheka. Mama akainuka. Nilidhani anaingia ndani. Akaenda kusimama mbele ya shuka, akatupa mgongo sisi wote, na uso wa mwanawe ukawa unachezacheza kwenye kitenge chake. Hakulia. Alisimama pale mpaka picha ikaisha, na wewe ulikuwa umekaa karibu na mashine kuliko mtu yeyote.

Mama hakuwahi kulisema hilo mpaka anaondoka. Ndiyo maana nalisema mimi.

Ulituambia wale Wazungu ndio mfano wako, basi tuutazame mfano wenyewe. Charles alikataa baada ya ile filamu ya walipokuwa na miaka 21, na hakurekodiwa tena. Jackie, mwaka 2005, alimkabili Michael Apted, mwongozaji wa filamu, palepale mbele ya kamera kwa maswali yake na jinsi anavyomwonyesha, na Apted akayaacha maneno hayo watu wayasikie. Na Neil alipokuwa na miaka 28, umri uleule wa mdogo wetu, alikuwa anatangatanga Uskoti hana makazi. Walioangalia waliogopa hatafika mbali. Lakini walirudi alipofika 35, wakarudi 42, na kufikia hapo alikuwa diwani. Waliompenda walisubiri miaka wamwone tena. Wa kwetu, wewe ulimfungia kwenye 28, ukaiita picha yake.

Unajua nani alimpa Neil mahali pa kulala alipofika London? Bruce, mwenzake wa tangu wakiwa na miaka saba kwenye filamu ileile. Wewe ulikuwa na nyumba nzima Dar, kaka, na chumba cha wageni chenye kitanda ambacho hakilaliwi. Mimi nilikuwa na vyumba viwili vya kupanga Majengo, mtoto mchanga, na mume ambaye hakutaka mlevi ndani. Nilimpa chakula. Kila Jumapili alikula mtori kwangu, uliza majirani. Nauli nilimpa. Siku aliyokuja usiku wa manane mvua inanyesha sikufungua, kwa sababu mtoto alikuwa na homa na mume wangu alikuwa macho. Asubuhi nilikwenda stendi kumtafuta. Nilikwenda, kaka.

Kwa hiyo usije ukaniambia tulimwacha wote sawasawa.

Shangazi anasema mwenye kosa ni mimi kwa kuwa nimechukua kisicho changu, na kwamba napaswa kukuletea sale, lile jani la kuombea msamaha. Nitalikata pale mpakani mwa kihamba, shamba letu la ukoo, nikuletee kwa mkono wangu, kwa kosa la kadi. Kadi yenyewe utaikuta sandukuni ulipoacha ufunguo. Njoo mapema, mbege itakuwa tayari, na chumba chako nimekipiga rangi.

Binti yangu nimemweleza kuhusu kamera. Amefurahi, anataka avae gauni la njano. Ila ameniuliza, "Nikimwambia azime, atazima?"

Nimemjibu nitamuuliza mjomba.