Somo la fotoelektriki lisiishie kwenye fomula

Mhariri,

Nafundisha fizikia kidato cha sita hapa Morogoro. Kila mwaka wanafunzi wangu hukokotoa nishati ya elektroni inayong'olewa na mwanga kwenye metali, kwa kanuni ya Einstein ya 1905, kisha mada inafungwa. Inaniuma, maana utamu ndiyo kwanza unaanza.

Taa ya gesi ya heli hutoa fotoni, yaani chembe za mwanga, zenye nishati ya elektronivolti 21.2 kila moja. Zikiipiga fuwele safi ya shaba ndani ya ombwe, elektroni huchomoka. Pima nishati yake na pembe iliyotokea nayo, utajua ilivyokuwa ikienda ndani ya fuwele kabla haijatoka. Fuwele inajieleza yenyewe! Mwanafizikia Kai Siegbahn wa Uppsala, Uswidi, alipewa Nobel mwaka 1981 kwa kuvifanya vipimo vya elektroni hizi kuwa makini.

Sinkrotroni, mitambo yenye mwanga mkali zaidi kwa kazi hii, zipo Ulaya, Asia, Marekani, Brazili, hata Australia. Afrika haina hata moja. Wapo wanasayansi Waafrika wanaopigania sinkrotroni ijengwe barani. Serikali zetu za Afrika Mashariki ziwaunge mkono kwa fedha, na mtaala uwaeleze vijana kazi hiyo ni ipi.

Mwalimu wa fizikia,
Morogoro